Bustani Asiyoweza Kuiacha

Sisi wa Kibugu tukitaka kumwona Rwamba hatuulizi kama yuko nyumbani. Yuko. Pita Jumatatu asubuhi utamkuta, pita Ijumaa jioni utamkuta. Hata Krismasi, wakati nusu ya nyumba za huku mlimani zimejaa wageni na nusu zimefungwa kwa sababu wenyewe wameenda kuwa wageni kwingine, utamkuta ameinama katikati ya sukuma wiki zake, buti za mpira miguuni, na nyuma yake paka mkubwa wa rangi ya majivu akimfuata mstari kwa mstari kama mtu aliyetumwa kukagua kazi.

Paka huyo anaitwa Chifu.

Wapita njia husimama nje ya ua na kusifu. "Mama Carol, wewe unapenda shamba! Hata hutoki?" Naye hutabasamu, akafuta mikono kwenye leso, akawakatia fungu la dania waende nalo. Hawaambii kwamba angependa sana kutoka.

Rwamba hakuzaliwa huku juu. Kwao ni Mbeere, chini karibu na Kiritiri, ambako mvua ikianza kunyesha watu husimama mlangoni kuitazama. Aliletwa Kibugu na Munyi, dereva wa lori la majani chai, akiwa bado msichana. Mwaka wa kwanza alilala na sweta na soksi. Lakini udongo ulimshangaza kuliko baridi. Kwao mtu hubembeleza ndengu mpaka iote. Huku ukichomeka fimbo ya kuegemezea maharagwe, fimbo yenyewe inachipua. Alimwambia mume wake, "Hapa hata mvivu anaweza kula." Munyi alicheka mpaka akasimamisha lori.

Shamba lilikuwa la baba yake Munyi. Mzee aliwagawia wanawe wawili kwa kuonyesha na mkongojo tu: toka hapa mpaka ule ua wa kayaba ni pa Munyi, ng'ambo ya ua ni pa Ireri, kaka mkubwa. Kisha akafa, na hati ikabaki na jina lake. Munyi alipokuwa hai hakuna aliyejali. Ndugu hawa walisaidiana hata mbolea. Ila Munyi naye alianguka siku moja kando ya lori lake, akiwa bado ameshika kitambaa cha kufutia kioo, na hakuamka tena.

Baada ya mazishi mama yake Rwamba, Kanini, alimwomba ashuke Mbeere apumzike kidogo. Alienda. Alikaa huko hadi machozi yalipopungua, akaanza hata kucheka kidogo na watoto wa kaka yake Nthiga, kisha akarudi kwake. Alikuta kufuli geni mlangoni. Jikoni mwake, palipokuwa na mafiga, palikuwa na ndama amefungwa. Na katika chai yake, vibarua wa Ireri walikuwa wanachuma.

Ireri si mtu wa kelele. Ni mzee wa kanisa, hunena polepole, na huvua kofia akimsalimia mwanamke. Alivua kofia siku hiyo pia.

"Pole, shemeji," alisema. "Si tulidhani umerudi kwenu? Nyumba ikikaa bure inaharibika."

Wazee wa kanisa waliitwa, wakaongea. Ireri hakubisha. Alifungua kufuli mwenyewe, akamtoa ndama, hata akafagia jiko. Kuhusu chai alisema, "Hiyo tutazungumza baadaye." Hiyo baadaye haijafika mpaka leo. Rwamba alibaki na nyumba, na kipande kilicho nyuma yake kinachoteremka mpaka kwenye kijito.

Pale ndipo alipojua kwamba kwa Ireri, kutoka ni kuondoka. Tangu siku hiyo hakulala kwingine. Sokoni alienda mbio na kurudi mbio. Kanisani alikaa upande wa dirisha, kwa sababu kutoka pale mtu huona bati la nyumba yake ng'ambo ya bonde, na kwaya ikiimba yeye alikuwa akiangalia kama kuna moshi. Kikundi cha akina mama kilipoenda kumwona Beverlyne, mwenzao aliyejifungua pacha kule Runyenjes, Rwamba alituma ndizi na viazi, na yeye mwenyewe akabaki.

Hakuna aliyemfunga. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Lango lake halikuwa na hata komeo la maana.

Paka alimjia msimu wa mvua ndefu. Alimkuta ndani ya ndoo kuukuu ya kunyunyizia maji, amelowa chapa, mdogo hata sauti ya kulia haikutoka. Rwamba hakutaka paka. Kwao paka anakaa ghalani, anajua kazi yake, na hapewi jina. Alimkausha kwa gunia, akamwekea maziwa kwenye kifuniko cha mkebe, akamwambia kesho aende zake.

Kesho yake yule paka alimfuata bustanini. Kabla ya lolote alizunguka ua wote, pole pole, akisimama kila kona na kunusa mzizi wa kayaba. Alipomaliza alirudi, akakaa juu ya jiwe lililo karibu na bomba, akakunja mkia miguuni, akamwangalia Rwamba kana kwamba anasubiri ripoti. Mama wa watu alicheka peke yake kwa sauti, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu Munyi afe.

"Haya, Chifu," alimwambia. "Leo tunapanda vitunguu."

Wakazoeana. Asubuhi za Julai, ukungu wa msituni ukiwa umeshuka mpaka kwenye paa, Rwamba alitoka na jembe na Chifu alikuwa tayari jiweni, manyoya yamejaa matone. Akichimba shimo la mche, paka analala ndani ya shimo, anabingirika, anatoka amekuwa mwekundu wa udongo. Akinyosha kamba ya kupimia mistari, paka anaikamata. Akipalilia viazi, anamsikia nyuma yake akikanyaga majani makavu; akisimama kunyosha mgongo, naye anasimama. Mahali ambapo fuko walikuwa wametoa udongo, Chifu alikuwa anakaa bila kutikisika mpaka Rwamba amsahau, kisha ghafla anaruka, na jioni kuna fuko mmoja amelazwa mlangoni. Kabla ya Chifu nusu ya viazi vilikuwa vya fuko. Sasa Rwamba aliweza kujaza debe.

Lakini si viazi alivyopenda. Alipenda kuongea. Mtu anayeishi peke yake huanza kusahau sauti yake mwenyewe, na yeye alikuwa amefika mahali pa kushtuka akijisikia akikohoa. Sasa aliongea kutwa. Alimweleza Chifu habari za kabichi zenye wadudu, habari za mahubiri, habari za Munyi. "Chifu, kaa hapo. Chifu, angalia huu mpaka, si ulikuwa hapa tangu zamani? Wewe ni shahidi." Saa hizo, jua likiwa mgongoni na paka akikoroma kwenye karai la magugu, angeapa kwamba hakuna anachokosa duniani.

Kisha Chifu alikuwa akiinuka, akijinyosha, akipenya chini ya lango na kwenda zake barabarani. Rwamba alisimama na jembe akimwangalia akipotea kwenye kona, mkia juu. Alimwonea wivu paka wake mwenyewe.

Carol, binti yake wa pekee, anafanya kazi Thika katika duka la viatu. Alikuja na mtoto wake mwezi wa Aprili, akamfuata mama yake bustanini.

"Mami, si ukuje kwangu? Hata wikendi moja tu. Hujawahi kuona pahali nalala."

"Na nyumba?"

"Si ufunge."

"Nilifunga mara ya kwanza."

Carol alimwangalia mtoto akijaribu kumshika Chifu mkia. "Basi uza hizo mabati, tuondoke hapa. Wacha Ireri akule hiyo shamba imkwame."

"Na baba yako aliyelala pale chini ya mparachichi? Naye nimwachie?"

"Baba amekufa, Mami. Wewe bado."

Rwamba aliendelea kung'oa magugu, na alipofika mwisho wa mstari aligundua kwamba alikuwa amepita aking'oa na karoti.

Baada ya mavuno ya maharagwe, Nthiga alipiga simu kutoka Mbeere. "Dada, Mama hali chakula. Anakutaja kila siku. Kuja umuone."

Rwamba alipanga kikapu: parachichi, majani chai, blanketi jipya. Akakipangua. Akakipanga tena siku iliyofuata. Mara hiyo alifika mpaka stejini, kikapu mkononi, na akiwa amesimama hapo Ireri alipita kwa pikipiki akipanda kwenda nyumbani. Alipunguza mwendo, akavua kofia.

"Safari njema, shemeji. Utarudi lini?"

Lilikuwa swali la kawaida. Hata mimi ningeuliza hivyo. Lakini Rwamba alilikumbuka lile kufuli geni. Gari lilipokuja, makanga akachukua kikapu, na yeye akakirudisha chini. "Nimesahau kitu," alisema. Akarudi kwake kwa miguu, na Chifu alikuwa barabarani akimjia.

Alimpigia Nthiga akamweleza ukweli wote, kwa aibu. Kisha akasikia sauti nyembamba ya mama yake ikidai simu.

"Rwamba. Umefungwa?"

"Hapana, Mama."

"Lakini huwezi kutoka."

"Siwezi."

"Basi mimi bado naweza kubebwa. Niwekeni kwa gari."

Nthiga alipinga, daktari wa zahanati akapinga, na yule bibi kizee hakumsikiliza yeyote. Aliletwa na gari la kukodi, amezungushiwa blanketi mpaka kichwani, miguuni kuna gunia la ndengu na mbaazi. Alipofunguliwa mlango alivuta hewa ya Kibugu, akatetemeka. "Mwanangu," alisema, "mnaishije ndani ya friji?"

Rwamba hakuacha kazi ya bustani, maana mama mwenyewe alikataa akae naye ndani. "Nimekaa ndani ya kutosha," alisema. Kwa hiyo kila jua lilipotokea alimtolea kiti cha Munyi, akakiweka karibu na bomba, akamfunika. Siku ya kwanza Chifu aliruka moja kwa moja mapajani mwa bibi.

"Mwondoe huyu! Paka si mtoto."

Rwamba alimwondoa. Siku ya pili bibi aliangalia huku na huku, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali, "Yule wako yuko wapi? Magoti yangu yana baridi."

Kuanzia hapo walikuwa watatu. Rwamba akipalilia, bibi akichambua ndengu mapajani karibu na masikio ya paka, na maneno yakienda na kurudi juu ya mistari ya vitunguu. Kanini alisimulia njaa alizoziona, ngoma za ujana, mbuzi aliyekula mkeka wa harusi yake. Alitaka kujua kila mmea unaitwaje huku juu. Alionja maua ya nasturi yaliyoota kando ya ua akatema. Siku nyingine alinyamaza tu akimsikiliza paka akikoroma, na Rwamba aliona uso wa mama yake umelainika kama wa mtoto. Miaka yote ya kukaa pale, zile ndizo siku ambazo hakuangalia ua hata mara moja.

Asubuhi moja bibi alimwita asogee.

"Ile siku Munyi alileta mbuzi kwetu," alisema, "baba yako aliuliza kuhusu shamba lao. Mimi nilimuuliza Munyi kama anakunywa pombe. Unajua kwa nini?"

"Kwa nini, Mama?"

"Kwa sababu mimi sikukuoza shamba. Nilikuoza mtu."

Rwamba aliinama akashika jembe, lakini hakulima. "Nikitoka watachukua, Mama. Nitakuwa sina chochote."

"Watachukua, ndiyo. Mimi sikatai. Ninauliza tu, saa hii ni nani ameshika mwenzake, wewe na hii shamba?"

Chifu alinyosha kucha, akazirudisha. Bibi akaomba chai.

Alifariki wiki hiyo, kitandani kwa Rwamba, ukungu ukiwa bado dirishani. Lazima azikwe Mbeere, kando ya mume wake. Gari lilipokuja kumchukua, Rwamba alijua kwamba hapo hapana cha kusahau stejini.

Alimwendea Peninah, jirani wa upande wa juu, rafiki yake wa kikundi. Peninah alikubali kumlisha paka. "Lakini kulala hapo, Mama Carol, mzee wangu hatakubali. Hataki kuingia mambo ya shamba la watu." Halafu Rwamba alizunguka mpaka lango la Ireri.

"Naenda kumzika mama," alisema. "Nitarudi."

Ireri alivua kofia. "Pole sana, shemeji. Funguo utaacha?"

"Naenda nazo."

Kule Kiritiri alifanya yote yanayopaswa. Alipika, alipokea wageni, aliimba. Lakini jeneza lilipoteremshwa na udongo wa kwanza kulia juu ya mbao, mawazo yake yalikuwa Kibugu, kwenye kufuli. Alijichukia. Alikuwa amemlilia Munyi kwa moyo mmoja, na sasa mama yake anamlilia kwa nusu. Wengine walipoondoka, yeye aliamua kubaki. Alijilazimisha. Alikaa kando ya kaburi kila asubuhi mpaka wageni wa mwisho walipokwisha, na kila asubuhi macho yake yalikuwa barabarani.

Alirudi alasiri moja ya jua kali. Kabla ya kufika langoni alisikia ng'ombe.

Walikuwa wanne, ndani ya bustani. Kabichi zilikuwa zimeisha mpaka mashina. Sukuma wiki zilisimama kama vijiti. Vitunguu vilikuwa vimekanyagwa ndani ya udongo, na kwenye mlango wa nyumba, juu ya kufuli lake, palikuwa na lingine.

Ireri alitokea nyuma ya nyumba, kamba mkononi. Kofia ilikuwa tayari imeshavuliwa.

"Shemeji, sisi tulidhani..."

"Mlidhani," alisema Rwamba. "Nimerudi. Lete ufunguo."

"Ng'ombe waliingia wenyewe. Huo ua ni mbovu."

"Lete ufunguo, shemeji."

Ireri aliutoa mfukoni. Alifungua kufuli lake, akawaswaga ng'ombe wake, akaenda. Hakukuwa na ugomvi. Rwamba aliweka kikapu chini, akamwita Chifu. Akaita tena. Peninah alikuja mbio akimpa pole ya msiba, na kwa uso wa aibu akamwambia kwamba paka alikula siku ya kwanza tu. Tangu ng'ombe waingie hakumwona tena.

Hapo ndipo Rwamba alipoketi chini, kwenye samadi na mashina, akalia. Alimlilia mama yake, sasa kwa moyo wote, na kabichi, na paka. Alipomaliza aliona kitu kando ya bomba. Kitalu chake cha miche ya vitunguu kilikuwa kimefunikwa kwa majani ya migomba, na juu ya majani kumewekwa miiba ya kayaba. Alifunua. Miche ilikuwa imesimama, mibichi, na udongo ulikuwa na maji ya asubuhi hiyo.

Peninah alisema si yeye.

Kesho yake, Ireri akiwa ameenda kupeleka majani chai, Rwamba alisikia mtu akimwita kwa sauti ya chini kutoka kwenye ua. Alikuwa Karwirwa, mke wa Ireri, mwanamke mwembamba mwenyeji wa Kanyakine, kule Imenti, ambaye kwa miaka mingi walisalimiana kanisani tu. Alikuwa ameshika kitu kikubwa kimefungwa kwa leso, na kitu hicho kilikuwa kinalia.

"Chukua mtu wako," alisema. "Alikuja kwangu, nikampa maziwa. Sasa hataki kutoka jikoni."

Rwamba alimpokea Chifu juu ya miiba, akamkumbatia. Alikuwa amenenepa.

"Ni wewe ulifunika miche?"

Karwirwa aliangalia nyuma. "Usimwambie. Ng'ombe nilishindwa. Ile ndogo niliweza." Kisha akauliza, "Huyu paka mnamwita nani?"

"Chifu."

Karwirwa alimkodolea macho, akaweka mkono mdomoni, mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashikilia tawi. "Kumbe ni paka! Mama Carol, unajua Ireri hajapata amani kwa nyumba yangu? Anasimama hapa kwa ua anasikia wewe ukisema, Chifu karibu, Chifu angalia mpaka, Chifu wewe ni shahidi. Anarudi ndani hawezi kula. Anasema chifu wa serikali anakuja kwako kila asubuhi kupitia kule kijitoni, na siku moja utampeleka kortini, na yeye hana karatasi yoyote."

Rwamba naye alicheka, lakini kicheko kiliishia njiani. "Anaogopa?"

"Anaogopa sana. Hati ni ya baba yao. Yeye pia hana yake. Hawezi hata kwenda kumsalimia dada yake kule Mwea, anasema akitoka mtaingia." Karwirwa akajipangusa macho. "Na mimi nikae naye. Kwetu Kanyakine sijalala tangu nizae wa kwanza."

Waliangaliana juu ya kayaba. Kisha Karwirwa akasikia pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Juma lililofuata Rwamba alivaa viatu vyake vya kanisani, akashuka Embu, akaingia ofisi za korti kuuliza kesi ya urithi hufunguliwaje. Carol alikuja kutoka Thika wakatafuta wakili pamoja. Ireri alipopata wito alikuja langoni, bila kuingia, na mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Shemeji, umenipeleka kortini? Mimi? Mzee wa kanisa?"

"Sote tumeenda, shemeji," Rwamba alimjibu. "Hata wewe utapata karatasi yako huko."

Ningependa kusema mambo yalinyooka. Kesi haijaisha. Leo hakimu yuko likizo, kesho faili haionekani, keshokutwa wakili wa Ireri ni mgonjwa. Chai bado anachuma Ireri. Rwamba alilala Thika kwa Carol mara moja, na mjukuu alimkimbia kwa siku nzima kabla ya kumzoea. Alipomzoea ilikuwa saa ya kurudi. Njia nzima moyo ulitangulia mbele yake mpaka langoni. Alikuta kila kitu kiko sawa, na bado alizunguka ua wote kabla ya kufungua mlango. Kutoka anaweza sasa. Kutoka bila kuogopa, hapana.

Mara ya mwisho kesi ilipoahirishwa, mvua ilikuwa inajikusanya, na gari la Kibugu lililokuwa stejini ni moja tu. Rwamba aliingia, Ireri akaingia, na viti vilivyobaki vilikuwa viwili vilivyo pamoja. Walipanda mlima wote bega kwa bega bila neno, yeye akishikilia mfuko wa mbegu, Ireri akishikilia kofia yake magotini. Walishuka pamoja. Walifuata njia ile ile, maana ni moja, mpaka inapogawanyika kwenye ua.

"Mvua itakuwa kubwa, shemeji," Ireri alisema.

"Itakuwa kubwa."

"Vitunguu utapanda leo?"

"Nikiwahi."

Ireri alivaa kofia yake, kisha akaingia kwake. Rwamba naye akaingia kwake, akavua viatu vya korti, akavaa buti. Chifu alipenya kutoka upande wa Karwirwa, masharubu yana maziwa, akaja akilalamika kwamba amechelewa. Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka kwenye majani ya migomba. Rwamba alinyosha kamba, akampa paka ncha moja aichezee, akaanza kupanda haraka haraka.